Kompyuta ya sebuleni baada ya Windows 10: shajara ya mradi

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Leo ni Siku ya Nyerere, hatuendi kazini, na ndiyo siku ambayo Microsoft wamesimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta haitazimika kesho asubuhi. Itawaka kama jana, Word itafunguka, katuni zitacheza. Kinachokoma ni viraka, yaani masasisho ya kuziba matundu ya usalama. Tundu la usalama likigunduliwa mwezi ujao, mashine hii itabaki nalo, na wahalifu watalijua haraka, maana kiraka kitakachotolewa kwa Windows 11 kitawaonyesha pa kuchungulia.

Anayedhani haya ni maneno ya kuuza kompyuta mpya aikumbuke WannaCry. Ilisambaa tarehe 12 Mei 2017, ikafunga faili za watu na kudai fedha, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huohuo. Ulinzi ulikuwapo, ila haukuwa umewekwa.

Mashine yetu: HP EliteBook 840 G3, mtumba, prosesa Core i5-6300U, RAM GB 8, SSD GB 256. Watumiaji ni watatu. Mimi: barua pepe, benki, hesabu za nyumba. Mama Neema ni mwalimu wa sekondari: mitihani na maandalio ya somo, na flashi inayokwenda steshenari na kurudi. Neema: masomo, video, gemu. Wapwa wakija likizo wanaongeza yao. Wote tunaingia kwa akaunti moja, na akaunti hiyo ndiyo ya msimamizi. Kwa hiyo lolote atakalobofya mtoto linatekelezwa kwa mamlaka ya mwenye nyumba.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kabla ya kuchagua chochote nimeikagua mashine ilivyo.

Nimeanza na Windows Security, kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, imeambiwa isiviguse. Kwa mtu wa kawaida orodha hiyo huwa tupu. Hapa kuna mistari miwili: folda ya programu ya kuamsha Office bila leseni, na chini yake `C:\`. Yaani diski nzima. Mashine iliuzwa ikiwa na Office iliyokwisha kuamshwa, na programu iliyotumika kuiamsha ilimwambia mlinzi afumbe macho kila mahali ili mzigo wake upite. Muda wote huo alama ya ngao pale chini ilikuwa ya kijani.

Ndiyo maana mabishano ya antivirusi ipi ni kali zaidi yananichosha. Defender imo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na kwa nyumbani inatosha kabisa, alimradi isiwe imefungwa mikono. Ukiweka antivirusi ya kulipia kisha ukaizima dakika tano ili "kraki" (programu ya kuvunja leseni) ipite, hizo dakika tano zinatosha.

Kisha flashi ya Mama Neema. Sikuibofya. Nimefungua dirisha la amri na kuandika:

`dir /a E:\`

Kila folda imetokea mara mbili. Kuna MITIHANI KIDATO CHA PILI ambayo ni folda kweli, na kuna MITIHANI KIDATO CHA PILI.lnk. Kuna PICHA ZA MAHAFALI, na PICHA ZA MAHAFALI.lnk yenye KB 2. Picha za mahafali za KB 2! Pembeni imekaa faili moja ya .vbs, yaani skripti ya Windows, yenye jina la herufi zilizovurugwa.

Hii ndiyo shotikati, yaani faili ya njia ya mkato (.lnk), inayolalamikiwa kila ofisi ya walimu. Nimebofya kitufe cha kulia juu ya mojawapo na kusoma sifa zake, maana kusoma sifa hakuitekelezi. Mahali pa lengo pameandikwa kwa kifupi: fungua cmd.exe, endesha ile .vbs, kisha fungua folda halisi, kisha jifunge. Kule kufungua folda halisi ndiko kwenye ujanja. Mwalimu anabofya, folda inafunguka, mitihani anaiona, na hana sababu ya kushuku kitu. Folda halisi haikufutwa wala kuharibiwa, imepewa tu sifa ya kujificha na sifa ya mfumo, na Windows kwa kawaida haionyeshi vyenye sifa hizo. Aina nyingine husukuma faili zote ndani ya folda isiyo na jina. Kazi ni ileile.

Vijana wa steshenari wana amri yao wanayoijua kwa moyo:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Inafanya kazi, faili zinarudi kuonekana, mteja anashukuru na kulipa. Lakini amri hiyo haiui kitu. Ile skripti imekwisha kujinakili ndani ya kompyuta, na flashi yoyote itakayochomekwa inaandikwa upya. Nimefungua Task Manager hapa nyumbani: wscript.exe, programu ya Windows inayoendesha skripti, inaendelea, na kwenye orodha ya programu zinazoanza zenyewe kuna jina lilelile la herufi zilizovurugwa. Kwa hiyo si flashi tu inayoumwa.

Tena skripti za familia hii hazikai kimya. Nyingi zinampa aliyezituma uwezo wa kuingiza programu nyingine na kutoa amri kutoka mbali. Kabla ya kugusa kitu kingine nimechukua simu, nikabadilisha nywila za barua pepe na benki kutoka huko. Kuzibadilisha kwenye mashine iliyoingiliwa kungekuwa ni kumpelekea mwizi funguo mpya mkononi.

Nimefuta ile mistari miwili kwenye Defender, nikawasha ukaguzi wa nje ya mtandao, ule unaoanza kabla Windows yenyewe haijaamka. Imekamata vitu kadhaa. Ngao ni ya kijani tena, na sasa siiamini. Mashine ambayo mtu mwingine ameshika mamlaka ya msimamizi kwa muda usiojulikana haitibiwi kwa kuondoa ulichokiona. Inafutwa yote.

Jumapili, 19 Oktoba

Kama diski inafutwa hata hivyo, swali linabaki moja: niweke nini juu yake?

Kurudisha Windows 10. Leseni yake ni halali, imo kwenye ubao mama. Microsoft wana mpango wa viraka vya nyongeza kwa watu wa nyumbani, ESU, unaofika 13 Oktoba 2026. Masharti: uwe na toleo la 22H2, uingie kwa akaunti ya Microsoft, kisha ama ukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye wingu lao, ama utumie pointi 1,000 za Rewards, ama ulipe dola 30. Hii ni mwaka mmoja wa kupumua. Kwa mwenye programu isiyo na mbadala ni jambo la maana sana.

Windows 11. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, ulinzi wa wakati wa kuwasha uitwao Secure Boot, na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache. Yetu ni kizazi cha 6. Kuna njia za kulizunguka sharti hilo na watu wanazitumia kila siku, lakini Microsoft wamesema wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kuhakikishiwa masasisho. Nahama kwa sababu ya masasisho. Nihamie mahali ambapo masasisho ni bahati nasibu?

ChromeOS Flex, mfumo wa Google. Nyepesi na imara, ila inataka uishi ndani ya kivinjari, na kivinjari kinataka bando. Nyumba hii bando huisha katikati ya wiki.

Linux, mfumo endeshi wa bure wenye matoleo mengi. Nimetazama Ubuntu, iliyoanza 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Linux Mint, iliyojengwa juu yake. Mint 22 inapata viraka hadi 2029, na mpangilio wake wa menyu chini kushoto hautamshtua aliyezoea Windows. Kilichoniamulia hasa ni mahali programu zinakotoka. Kwenye Windows ukitaka programu unatafuta mtandaoni, na hapo ndipo nusu ya maradhi ya nyumba hii yalikopitia. Kwenye Mint kuna ghala moja lenye vifurushi vilivyotiwa saini, na toleo la 22 limekwenda mbele zaidi: vifurushi vya Flatpak ambavyo mtengenezaji wake hakuthibitishwa vinafichwa mpaka uamue kuviona.

Sisemi Linux haipati virusi. Mwezi Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya XZ, maktaba ndogo inayotumika karibu kila Linux, na aliushtukia kwa sababu SSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, ilikuwa inachelewa kidogo kuliko kawaida. Ungefika mbali. Ninachosema ni kwamba ile .vbs ya kwenye flashi haina pa kukanyaga kwenye Linux, na kwa nyumba hii hatari ya kila wiki ni hiyo.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimepakua Mint 22.2, ile yenye sura ya Cinnamon, kwa bando la usiku. Faili inakaribia GB 3.

Hapa watu huruka hatua moja. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint yenyewe ilivamiwa, na kwa muda viungo vikaelekeza kwenye nakala ya Mint 17.3 iliyotiwa mlango wa nyuma. Yaani mtu aliyekimbia virusi vya Windows alipakua kirusi kutoka ukurasa halali. Ulinzi ni kulinganisha alama ya faili na ile iliyochapishwa:

`certutil -hashfile linuxmint-22.2-cinnamon-64bit.iso SHA256`

Nimeifanya kwenye kompyuta ya kazini, si hii, kwa sababu jibu la mashine iliyoingiliwa halina thamani. Herufi zimefanana zote 64. Programu ya Rufus ikaiandika Mint kwenye flashi mpya.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimewasha kwa flashi: kitufe cha F9 kwenye HP, chagua USB. Mint inaamka bila kugusa diski, na hilo peke yake ni zawadi, kwa sababu nimejaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa kabla ya kufuta chochote. Vyote vimekubali.

Nakala ya akiba nimeichukua nikiwa humo humo ndani ya Mint ya kwenye flashi, Windows ikiwa imelala. Nimechukua nyaraka, picha na video tu. Hakuna .exe, .vbs, .lnk, .js wala faili ya kusakinishia programu iliyovuka, hata zile ambazo Neema alinisihi. Nakala moja iko kwenye diski ya nje inayokaa kabatini bila kuchomekwa, na picha za familia na mitihani vina nakala ya pili kwa dada yangu Dodoma.

Kusakinisha hakuna la kusimulia. Nimechagua diski isimbwe kwa nywila, maana kompyuta mpakato huibiwa kirahisi. Nimefungua akaunti tatu, na ya usimamizi ni moja. Timeshift inapiga picha ya mfumo kila wiki. Ukuta wa moto huja ukiwa umezimwa, nikauwasha:

`sudo ufw enable`

Kwenye Update Manager nimewasha masasisho yaende yenyewe.

Jumapili, 26 Oktoba

Siku ya mtihani wa kweli.

"Baba Neema, swali la nne limehamia ukurasa wa pili, mchoro wake umebaki wa kwanza. Nikiwapa wanafunzi hivi si watanicheka?"

Ana haki. Mtihani uliandikwa kwa Calibri, fonti ya Microsoft, na LibreOffice, programu ya ofisi iliyomo ndani ya Mint, ilipoikosa ikaweka nyingine yenye upana tofauti, mistari ikasukumana. Times New Roman haina shida hiyo, kwa sababu fonti ya bure ya Liberation Serif imetengenezwa ilingane nayo upana kwa upana. Mwenza wa Calibri anaitwa Carlito, na wa Cambria ni Caladea. Vyote vimo ghalani:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

Tumefunga na kufungua tena, swali la nne limerudi nyumbani. Michoro miwili iliyochorwa kwa visanduku vya Word bado ilikaa upande, akaipanga kwa mkono huku akisonya. Milinganyo ya hisabati imefunguka salama.

"Sasa mwenzangu wa kitengo akitaka kuirekebisha?"

"Hifadhi kama docx, mama. Yeye hatajua umetumia nini."

"Na ya kuchapisha?"

PDF, kwa kitufe kimoja. Hilo limemfurahisha kuliko mengine yote, kwa sababu alishachoka kufika steshenari na kukuta Word ya pale imempangia upya ukurasa.

Nimemwekea pia menyu za Kiswahili. Watu wengi hawajui kwamba kazi hiyo ina mizizi hapa hapa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010. Mama Neema amezitumia kwa muda mfupi na kurudi kwenye Kiingereza, anasema vidole vimekwisha kuzoea. Neema kabaki na za Kiswahili.

Jumamosi, 8 Novemba

Mwishoni mwa Oktoba intaneti haikuwepo nchini kwa siku kadhaa. Kompyuta ilifanya kazi zake zote bila kulalamika, na hapo nikafurahi kwamba sikuchagua ChromeOS Flex. Masasisho yaliyolimbikizana yameingia jana.

Jioni Neema akaita: "Baba, njoo! Inasema ina virusi vitano!"

Kwenye pembe ya skrini kuna kisanduku chekundu chenye ngao. Kinasema faili za mfumo kwenye diski C zimeambukizwa, bofya kusafisha sasa. Nimemuuliza diski C iko wapi kwenye kompyuta hii. Ametafuta, hakuiona, akaanza kucheka.

Hicho si kirusi na wala hakijaingia kwenye mfumo. Ni taarifa ya kivinjari. Kuna tovuti ya gemu ilimwomba ruhusa ya kumtumia taarifa, akabofya kukubali ili kisanduku kiondoke, na tangu hapo inamtumia matangazo yaliyovaa sura ya antivirusi. Mchezo huu haujali mfumo endeshi, unashambulia anayetazama skrini. Kwenye Firefox nimeingia Mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, kwenye ruhusa za taarifa. Nimeondoa tovuti ile na kuweka alama kwenye kisanduku cha kuzuia maombi mapya yote. Nimeongeza uBlock Origin, kizuizi cha matangazo, kwa akaunti zote tatu. Kama mtu atafanya jambo moja tu kati ya yote niliyoandika humu na hataki kuhama Windows, afanye haya mawili ya kivinjari.

Nimesema moja, nimeandika mawili. Basi ayafanye yote.

Jumamosi, 22 Novemba

Flashi ya Mama Neema imerudi kutoka shuleni na shotikati mpya. Kwenye Mint zinaonekana waziwazi, folda halisi pembeni ya bandia yake, kwa sababu Linux haijali ile sifa ya kujificha ya Windows. Hazikufanya lolote. Lakini kama zingeachwa pale zingesafiri tena kwenda kwa walimu wengine, na kompyuta yetu ingekuwa gari la kubebea tu. Nimeweka ClamAV, antivirusi ya bure, na kazi yake hapa ni kuwalinda majirani:

`clamscan -r -i /media`

Ni nzito kuanza, na hifadhidata yake ya kwanza inakula bando, ila inakamata hizi za kawaida.

Wanaodhani virusi vya flashi ni mambo ya zamani, enzi za internet café, waangalie Septemba 2023. Watafiti wa Mandiant, kampuni ya usalama wa mtandao, walieleza jinsi kundi la wapelelezi wanaohusishwa na China lilivyosambaza programu ya Sogu kwa flashi, na maambukizi mengi yalianzia kwenye ofisi za Afrika za mashirika ya kimataifa, Tanzania na Kenya zikiwemo. Kompyuta za pamoja za kuchapishia nyaraka zilikuwa miongoni mwa njia zake.

Kwa hiyo tumeipunguzia flashi kazi. Mtihani unatoka nyumbani ukiwa PDF na unatumwa kwa WhatsApp kwenye namba ya steshenari, unafutwa pale mbele ya Mama Neema ukishachapishwa. Mtihani wa mwisho wa muhula hautumwi kwa mtu, huo anauchapisha kwa printa ya shule. Pale ambapo flashi haiepukiki kuna moja ya kutoka nje, ndogo, haina kitu kingine ndani, na ikirudi inaumbizwa upya kabla ya kutumika. Ile yenye maandalio ya mwaka mzima haitoki mlangoni.

Shemeji amekuja kuangalia, anataka na yake iwe hivi hivi. Nimemwambia hapana. Kijana wake anasoma ufundi na anatumia AutoCAD, programu ya michoro ya kiufundi, ambayo haina toleo la Linux, na kumwekea Mint ni kumfukuza aende kwenye kraki sehemu nyingine. Yake itabaki Windows 10, ikifutwa kwanza na kuanzishwa upya, iandikishwe ESU hadi Oktoba 2026, na kijana apate leseni ya bure ya wanafunzi ambayo Autodesk, watengenezaji wa AutoCAD, wanaitoa. Muda huo shemeji atafute mashine ya kizazi cha 8 au zaidi.

Sharti la mwisho lilikuwa akaunti ya kijana iondolewe usimamizi. Shemeji amekubali hapo hapo. Kijana anasema mjomba tulizungumze kwanza.